Kuruka Bila Uzi

Bega yangu ya kuume iko juu kuliko ya kushoto. Watu wa hapa Karuba wanafikiri ni sababu ya kubeba mizigo, na miye sikatai, maana nilibeba mizigo kweli, miaka mingi. Lakini hapana. Ni muti njo ulinifanya vile, siku ya kwanza niliporuka muto Lowa na kamba, nikafika ng'ambo vibaya, nikapiga tawi na bega. Tangu pale nguo zangu zote zinainama upande mumoja, na nikivaa koti ya misa naonekana kama muntu anayetaka kuuliza kitu.

Nilisoma miaka mbili tu kwa misioni, na nusu ya mwaka wa pili nilikuwa nachunga mbuzi za padri, kwa hiyo kama nachanganya mbele na nyuma, unisamehe. Nataka kusema juu ya kuruka, na juu ya bibi yangu wa Walikale, ule niliyemuoa kule, namna alivyokuwa ananishika na namna nilivyomupoteza. Mwingine angefanya habari mbili. Kwangu ni moja.

Ilikuwa wakati vita ya wazungu inakaribia kuisha. Kule chini Walikale kulikuwa machimbo, na watu wa machimbo wanataka kula, na pori ile haitoi maharagwe. Kwa hiyo maharagwe ya Masisi ilikuwa inashuka juu ya vichwa vyetu. Tulikuwa tunatoka Karuba ukungu ingali imelala kwenye mabonde, tunapitia Masisi, halafu tunaanza kushuka, siku tatu, ine, na kila siku kabuti uliyovaa inakuwa muzigo zaidi. Baridi inabaki nyuma, majani ya ng'ombe inabaki nyuma, halafu miti inaanza kufunga mbingu. Miye ni muntu wa milima. Kwetu ukisimama mulangoni unaona mulima wa tatu na wa ine, unaona hata moshi ya jirani ambaye hamusemezani. Kule porini unaona muti, na nyuma ya muti kuna muti. Safari ya kwanza nilikuwa nashika kifua, nafikiri pumzi inataka kuisha.

Safari ya pili ao ya tatu, tukafika muto na daraja haiko. Daraja za kule zilikuwa za kamba za porini, zimesukwa kama kikapu ndefu, unapita ndani yake na yenyewe inatikisika kama inakukataa. Maji ya mvua ilikuwa imeichukua yote, imebaki mikia mbili tu, inaning'inia. Kapita wetu, ule aliyetusimamia njiani, alikuwa muntu wa makelele. Alitembea ukingoni akilalamika kwamba maharagwe itaota ndani ya magunia, na kweli magunia ilikuwa imeanza kunuka.

Siku ya pili akakuja fundi wa daraja, muzee mufupi mwenye mvi, na goti yake moja imevimba kama boga. Alikaa akaangalia muto muda murefu. Halafu akatueleza kazi, na miye nitaieleza vile alivyoieleza, maana bila hiyo hautaelewa mengine.

Lazima muntu mumoja afike ng'ambo na uzi. Ile uzi itavuta kamba nyembamba, nyembamba itavuta nene, na kuanzia pale ni kazi ya mikono tu. Lakini ule wa kwanza atafikaje? Kuogelea haiwezekani, maji inakimbia kama ng'ombe zimeona chui. Basi anapanda muti murefu ulioinama juu ya maji. Kamba inafungwa juu kabisa. Anaishika, wenzake wanaivuta nyuma, nyuma, halafu wanamuachilia. Kamba ikifika mwisho wa mwendo wake, anaiachilia na kushika matawi ya muti wa ng'ambo. Akichelewa kuachilia, kamba inamurudisha na kumupiga kwenye muti aliotoka. Akiwahi, anaangukia mawe.

Ule muzee alifanya kazi ile tangu ujana, lakini goti ilikuwa imekataa. Kijana wake mumoja alikuwa amekufa, na mungine alikuwa ndani ya pori anatafuta mupira, ile utomvu ya miti, maana Leta, serikali ya wakati ule, ilitaka mupira ya porini kwa ajili ya vita. Akatuangalia sisi wabeba mizigo, mumoja mumoja, kama anachagua ng'ombe sokoni. Sote tukaangalia chini. Na miye niliangalia chini, nisidanganye.

Kapita akasema: "Papa, waache hawa wa Masisi. Wanajua ng'ombe tu. Ukiwapandisha juu watalia mee."

"Ng'ombe hailii mee," nikasema.

"Basi panda utuonyeshe inavyolia."

Wenzangu wakacheka, na miye nikajikuta nimeshavua kabuti. Nimefikiria jambo hii mara nyingi. Kuna watu wanasema waliingia hatari kwa sababu ya imani, ao ya njaa. Miye niliingia kwa sababu ya sauti ya ng'ombe.

Fundi hakuweza kupanda na miye, alisimama chini ya muti. Aliuma kipande cha kamba, akatema, akasema iko muzima. Akanifunga uzi kiunoni. Akaniambia nisiangalie maji, na muti wa ng'ambo nisiuangalie pia, niangalie mikono yangu. Nikapanda. Kule juu kulikuwa upepo ambao chini haukuwa. Wakavuta, wakaniachilia.

Nitakuambia namna ilivyo. Kwanza tumbo inabaki nyuma. Halafu unasikia kamba inalia kwenye masikio, na unakuwa muzito, muzito, mikono inataka kutoka kwenye mabega. Halafu unaanza kupanda upande wa pili na uzito inaondoka kidogo kidogo kama muntu anakupokea muzigo. Na kuna nafasi, kati ya kuachilia kamba na kushika tawi, ndogo kama kupiga kope mara mbili. Ndani yake hauna kapita, hauna baba, hauna jina. Hata sauti ya maji inapotea. Maji inaendelea kulia lakini wewe hausikii. Nimekunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ya siku tatu na ya siku ine. Nimepokea komunyo. Nimelala na bibi niliyemupenda. Hakuna kitu iliyofanana na ile. Ni haya kuiandika, lakini nimeshakuwa muzee na haya imechoka.

Halafu tawi ikanivunja bega, na nikafunga uzi na mukono mumoja huku nalia, na kule ukingoni kapita anapiga kelele nikaze fundo.

Daraja iliisha siku ya sita. Maharagwe ilivuka. Miye sikurudi na wenzangu. Niliambia watu ni sababu ya bega, lazima ipone. Fundi alinipeleka kwake, na bega ilifungwa na binti yake, na binti yake njo alikuwa bibi yangu mwaka uliofuata. Alikuwa na mukono wa nguvu na musemo wa pole. Akifunga kitambaa anavuta mpaka unaona nyota, halafu anauliza kama imekaza.

Watu wananiuliza kama niliogopa. Niliogopa kila mara. Woga yangu inaanza kwenye magoti, inapanda tumboni, na ikifika mudomoni inakuwa na ladha kama umelamba kufuli. Siku ambazo ladha ile haikuja nilishuka, nikarudi nyumbani. Zilikuwa siku mbili tu. Muntu asiyeogopa kule juu haangalii fundo. Nilijua wawili wa namna ile, vijana wazuri, hodari kuliko miye, na muto iliwachukua wote wawili, na mumoja hatukumupata.

Sasa niseme juu ya kukalia.

Kwa wale watu wa fundi, mwanaume akipanda, bibi yake anamukalia. Kwetu Masisi hatuna hiyo. Bibi anakaa chini kando ya moto, miguu imenyooka mbele. Hasimami ovyo. Hafagii, hakati kitu na kisu, hali chakula, hajibu muntu anayemuita kutoka inje. Anatengeneza moto tu, isizime. Wanasema kila akitikisika, mwanaume kule juu anatikisika. Anakaa vile mpaka asikie alama. Mwanaume akishuka, anashika shoka na kupiga na mugongo wake ile mizizi mipana ya muti mukubwa, ile inayosimama kama mbao. Inalia mbali sana. Kama nyumba iko mbali zaidi, kijiji cha karibu kinapokea na ngoma ya muti, kingine kinapokea, mpaka inafika kwa bibi. Akisikia, anasimama, anakunywa maji.

Mwanzoni nilicheka. Katekisti naye hakuipenda, akamuambia bibi yangu kwamba ni mambo ya zamani, afazali asali. Bibi yangu alibatizwa, alivaa musalaba shingoni. Alimujibu kwamba atasali, lakini atasali akikuwa amekaa.

Lakini nilipopanda mara ya kwanza nikijua kwamba kuna muntu amekaa kwa ajili yangu, oh, nilisikia tofauti. Kama kamba ya pili, ambayo haionekani, imetoka kiunoni yangu mpaka nyumbani. Sikumuambia muntu. Muntu wa Masisi kuamini mambo ya porini, wenzangu wangesema nini. Lakini niliamini. Tulikuwa na nyumba yetu saa mbili za kutembea kutoka kwa fundi, karibu na njia ya muto, na mara ngapi nilirudi na kumukuta anakunywa maji, miguu imekufa ganzi, anainyoosha na mikono.

"Wewe unaruka mara moja," ananiambia. "Miye ninakaa siku nzima. Nani amechoka?"

"Wewe, mama."

"Basi nani apike?"

Na nilipika. Hakuna muntu anajua hiyo, nawaambia sasa.

Halafu vita ikaisha, Leta ikafungua barabara, wakaweka daraja ya mbao na vivuko, na daraja za kamba zikapungua mwaka kwa mwaka. Fundi alifurahi. Alianza kusuka mitego ya samaki na kusema goti yake inamushukuru. Miye ningeacha pale. Nilikuwa na shamba ya ndizi, nilikuwa na bibi. Nilikaa miezi, nalima, na kila kitu ilikuwa chini na iko sawasawa kama meza. Chakula ilikuwa na ladha ya chakula. Bibi yangu alikuwa anaongea, na miye naangalia vichwa vya miti, naona upi umeinama, matawi yake inakaa namna gani. Muntu anaweza kukaa kando ya bibi yake na akuwe mbali na yeye kuliko yule aliye Stanleyville.

Njo nikaanza kuruka bila uzi.

Naita vile sababu hakukuwa daraja ya kutengeneza. Siku ya Mungu, kisha misa, padri ameshamaliza, watu wa kambi ndogo ya machimbo walikuwa wanashuka mutoni kupumzika, na mumoja wao alikuwa amesikia juu yangu. Nikawaonyesha. Wakapiga makofi, wakanipa chumvi na tumbaku, lakini si hiyo niliyofuata. Wakati mwingine nilikuwa naacha ile tumbaku kwenye jiwe. Nikaanza kuongeza. Kwenda na mukono mumoja. Kuachilia kuchelewa, kuchelewa kabisa, mpaka wanawake wanafunika macho. Kuruka kisha mvua, kamba ikiwa na utelezi, jambo ambalo fundi alinikataza tangu siku ya kwanza. Muntu akizoea pilipili, anatia mbili, halafu tatu.

Na kuna kitu ambayo waliopiga makofi hawakujua. Ng'ambo hakuna muntu. Makelele yote iko upande uliotoka. Wewe unafika, unashika matawi, unageuka, na wao ni wadogo kule, wanainua mikono, maji inakula sauti zao. Kando yako kuna sisimizi na majani yenye maji. Nilikuwa nakaa pale kidogo kabla ya kutafuta njia ya kurudi, na ile kidogo ilikuwa inaongezeka kila mara.

Bibi yangu alikuwa anauliza asubuhi: "Leo umebeba uzi?"

"Hapana."

"Basi unaenda kufanya nini ng'ambo?"

"Kufika."

"Halafu?"

"Kurudi."

Mara ya kwanza alicheka. Mara ingine alisema kwamba ile ya kazi atanikalia mpaka azeeke, lakini ile ya kuchezea watu ni yangu na wao. Nikamujibu kwamba urefu wa muti ni ule ule. Alichukua kuni, akakaa. Hakuweza kuacha kukaa. Angesimama, na miye nianguke, angebaki na hiyo maisha yake yote. Nilijua. Njo sababu nilikuwa namuambia kila mara kabla ya kwenda. Ningeweza kunyamaza, kusema naenda kutega samaki, na yeye angelima shamba yake. Lakini nilitaka ile kamba ya pili.

Sasa nafika kwenye sikukuu.

Mukubwa wa machimbo, muzungu mwenye ndevu nyekundu, alikuwa anarudi kwao, na watu wa kambi wakataka kumufanyia sikukuu. Kuna pahali chini ya kambi kubwa muto inapita kati ya mawe mawili makubwa, mbali, siku nzima ya kutembea kutoka kwetu. Wakaniomba niruke pale. Nilimuambia bibi yangu. Hakuuliza juu ya uzi. Alisema tu kwamba mama yake iko mugonjwa tangu juzi, alitaka kwenda kumuona.

"Nitaruka kesho asubuhi," nikamuambia. "Utasikia ngoma mapema, utaenda muchana."

Akaenda kukata kuni.

Nililala kambini, na asubuhi, jua imetoka vizuri, niliruka. Nilikuwa nimefunga kamba mwenyewe, nimeiuma mwenyewe. Ilikuwa kuruka nzuri kuliko zote za maisha yangu. Niliachilia nikiwa juu kabisa, pale uzito inapoisha, na nikakuja kwenye matawi kama ndege inakuja kwenye chikichi. Kila mumoja aliona, isipokuwa ule mwenyewe mwenye ndevu. Alikuwa amekunywa usiku na alikuwa analala. Mupishi wake akatumwa kuniambia kwamba bwana anaomba nirudie kesho, atakuja na mashini ya picha.

Nilikuwa nimeshavuka kurudi. Shoka ilikuwa mukononi yangu. Nilifika mpaka kwenye mizizi ya ule muti mukubwa. Na nikafikiria: nikipiga sasa, atasimama, ataenda kwa mama yake, na kesho nitaruka na hakuna muntu amenikalia.

Watu waliosikia habari hii wanafikiri nilisahau kwa sababu ya pombe. Nimewaacha wafikiri vile. Pombe ilikuja nyuma. Sikusahau. Niliogopa, na niliweka shoka chini makusudi.

Siku ya pili asubuhi ikanyesha. Ule muzungu alingoja, miye nikangoja, mashini yake imefunikwa na koti. Kisha muchana mvua ikaacha, nikaruka na kamba yenye maji, vibaya, nikashika tawi na mukono mumoja, na wao wakapiga makofi zaidi, maana hawajui kuona. Halafu nikapiga mizizi. Nikasikia ngoma ya kijiji cha kwanza inapokea, na ya pili, na roho yangu ikatulia.

Siku ya tatu nilifika nyumbani. Moto ilikuwa imekufa, majivu iko baridi, mulango wazi. Nikajua kuna kitu. Nikaenda kwa fundi, nikitembea mbio, na kabla ya kufika nikasikia wanawake wanalia.

Mama yake alikufa siku ya pili, kabla ya muchana. Bibi yangu aliposikia ngoma alisimama na kukimbia, akafika wameshamuosha.

Nilikaa chini na wanaume. Fundi alikuja kukaa kando yangu, ananyoosha ile goti yake. Akaniuliza, na sauti ya kawaida, kama nilichelewa juu. Nikamujibu kwamba ilikuwa mvua. Mvua ilinyesha kweli, siku moja kati ya mbili. Akaitika na kichwa. Nikafikiri imepita.

Kesho yake muchana wakaja watu wa kambi kuleta pole, na kati yao muchuuzi mumoja wa chumvi, muntu mwema, asiye na hila. Aliniona akafurahi. Akaanza kuwaambia wanaume namna nilivyoruka. Akasema ya juzi haikuwa kitu, miguu yangu ilikuwa mizito, lakini ile ya siku iliyotangulia, ya asubuhi, jua ikitoka, ile njo ilikuwa kuruka. Bibi yangu alikuwa anapita na chungu ya maji. Alisimama. Aliangalia muchuuzi, halafu aliniangalia miye, na niliona anahesabu siku.

Ni fundi alisema.

"Mukwe, miye nilifika mpaka mulangoni kwako. Siku ile ya kwanza, saa ya jua kali. Mama alikuwa anamuita, nikaja kumuchukua. Nikamuona amekaa. Sikumuambia hata neno. Nilisema, mukwe wangu iko juu, nisimuangushe. Nikarudi."

Alisema vile tu. Alitembea saa mbili na goti ile, na saa mbili kurudi, na aliporudi alimudanganya bibi yake mugonjwa kwamba binti iko njiani. Hiyo nilisikia kwa wengine. Na wakati ule miye nilikuwa nakaa kwenye jiwe, nakunywa kasiksi, naeleza mupishi namna ya kuchagua kamba.

Bibi yangu alibaki kwa baba yake kwa matanga, na matanga ilipoisha akabaki tena. Kule kwetu ningetuma wazee na pombe na mbuzi, wangesema, ingeisha. Nilituma. Fundi alipokea pombe, alikunywa, akasema kwamba yeye hana maneno na miye, niende nimuulize mwenyewe. Nikaenda. Ilikuwa wakati wa kuvuna karanga, alikuwa amekaa inje anazitoa kwenye majani, na hakuinua macho mara moja.

Nikamuambia nimekuja kumuchukua. Nikasema nilikosa. Nikamuambia ile ambayo sikuwa nimemuambia muntu, kwamba shoka ilikuwa mukononi yangu. Alitoa karanga muda, anaziweka kwenye kikapu.

"Ulikuwa unaogopa?" akauliza.

"Ndiyo."

"Vizuri. Miye nilifikiri ulikuwa unacheka." Akavuta majani mengine. "Nitarudi. Lakini uniambie kwamba hutapanda tena. Usimuambie baba, usimuambie padri. Uniambie miye."

Ilikuwa rahisi. Maneno mbili. Nilifungua mudomo. Na nyuma ya nyumba ya fundi kulikuwa muti mumoja murefu, sikuuangalia, naapa sikuuangalia, lakini nilijua uko pale na nilijua tawi yake ya tatu inainama upande gani. Nilikuwa nimeshamudanganya baba yake mbele ya maiti ya mama yake. Sikuweza kumudanganya yeye mbele ya karanga.

"Siwezi," nikasema.

Aliitika na kichwa, kama baba yake. "Basi panda. Lakini miye sikukalii."

Akanipa karanga kwa njia, zimefungwa kwenye jani ya ndizi. Nilizila zote kabla ya kufika nyumbani, kama mutoto.

Kisha miaka mbili aliolewa na mwanaume mulimaji, muntu mukimya wa ng'ambo ya pili ya barabara, na wakazaa. Sikumuchukia ule mwanaume. Nilimuona mara moja njiani na jembe, alinisalimia vizuri.

Na miye niliruka. Miaka sita tena. Niliruka kazi na niliruka bila uzi, asubuhi na kisha mvua, kule mbali ambako wameniita na hapo karibu ambako hakuna aliyeniita. Siku ya kwanza bila muntu wa kunikalia nilipanda na ladha ya kufuli imejaa mudomo, nikajua leo njo nitaanguka. Nikafika ng'ambo muzima. Nikafika tena, na tena. Kamba haikukatika hata moja. Mikono ilijua kazi yake. Nilikuwa naruka vizuri kuliko zamani, hata.

Hiyo njo sikuitazamia. Nilikuwa nimejitayarisha kuanguka, sikujitayarisha kufika. Kuna siku nilitamani niteleze kidogo, nivunje muguu, nibebwe mpaka kwa mulango yake, nimuambie, unaona, wewe njo ulikuwa unanishika. Ingekuwa kitu ya kumupelekea. Haikutokea. Ni kusema alikaa kwa moto siku zote zile, miguu inakufa ganzi, na ile siku ya mama yake, na muti haukujali kama amekaa ao amesimama. Ao ulijali, na ulikuwa unaningojea tu, sijui. Padri ananiambia nisifikirie mambo ile. Yeye hakuwahi kupanda.

Mwaka wa saba, mbele kidogo ya uhuru, asubuhi moja, nilipanda muti karibu na nyumba yangu, nikashika kamba, na hakukuwa muntu chini, nilikuwa nimeifunga na kuivuta nyuma peke yangu na kijiti. Nilingoja woga ikuje. Haikukuja. Nilingoja mpaka jua ikapanda. Halafu nikashuka na miguu, nikakata ile kamba pale mikono inafika, nikafunga nayo vitu vyangu, na nikaanza kupanda njia ya Masisi.